Kwa Adalbert Hakuna Msumari

Lori la samaki liliingia kinyumenyume kwenye gereji ya Adalbert, huko Kamalondo, likimwaga maji ya barafu yenye shombo hadi kwenye viatu vyake. Juu ya lori, katikati ya makasha matupu, ilikuwa imelala injini ya boti ambayo aliitengeneza kwa mikono yake mwenyewe wiki tano tu zilizopita. Adalbert hakuhitaji kuelezwa. Injini iliyopona haipandishwi lori kutoka Kasenga mpaka Lubumbashi. Damu ilianza kumchemka hata kabla dereva hajashuka.

Mbele ya lori ikasimama teksi, na Mama Mujinga akatoka, kitenge kimekazwa kiunoni, mkoba kwapani. Huyu ndiye mwenye boti. Boti yake, inayoitwa Tutafika, hubeba watu na samaki kati ya Kasenga na Kilwa, kwanza kwenye mto Luapula, halafu kwenye maji mapana ya ziwa Mweru. Kabla ya biashara ya samaki alifundisha hesabu shule ya sekondari, na hadi leo akikusemesha unajihisi umekosea jibu ubaoni.

“Papa Adalbert,” alisema, “minarudisha kazi yako.”

“Bonjour, maman.”

“Bonjour itangoja. Turbo inakufa tena. Wiki tano! Ile ya kwanza ilitumika myaka ine. Sasa minakuuliza mbele ya bantu: turbo ya mupya yenye nilikuletea mu carton, uliipeleka wapi?”

Adalbert alisikia vizuri, lakini kuna maneno ambayo mtu hataki kuamini kwamba yameingia masikioni mwake.

“Ulitia ya zamani,” mama akaendelea, sasa kwa sauti ya kufika barabarani. “Ya mupya ukauzisha. Ku parking ya ba camion ya Kasenga bantu bote banajua. Nilibaambia mimi mwenyewe.”

Hapo hasira ikampanda hadi utosini. Si kwa sababu ya turbo, turbo ni chuma tu na chuma hufa. Ni kwa sababu ya hiyo parking. Kazi zake zote kubwa zilitoka pale, kwa madereva wanaokunywa chai pamoja alfajiri na kuambizana fundi gani ni mtu na fundi gani ni nyoka. Jina likichafuliwa pale limechafuliwa mji mzima, na mtu wa miaka hamsini na nane hana muda wa kujitafutia jina jingine.

Na jina lenyewe lilikuwa hili: kwa Adalbert hakuna msumari.

Ni lazima tueleze. Katika gereji za mji huu, mteja akileta kifaa kipya huja na msumari mfukoni. Kabla fundi hajakigusa, mteja anakikwaruza: herufi mbili, msalaba, jina la mwanawe wa kwanza, chochote, ili fundi asije akakibadilisha na kikuukuu. Mafundi wamezoea. Wengine humpa mteja msumari wenyewe na kumshikia kifaa huku wakipiga soga. Adalbert, hata siku moja. Baba yake alifanya kazi miaka thelathini kwenye karakana ya reli na akastaafu bila mtu kumkagua mfuko. Adalbert alirithi sanduku la spana na kiburi chote kilichokuwa ndani yake. Mteja akitoa msumari, Adalbert alimwonyesha mlango. “Siku moya muntu atakwaruza kintu humu ndani,” alizoea kusema, “miye nitafunga garage na kuenda kuuzisha mukate.” Na watu walimcheka, lakini walimletea injini zao.

Mama Mujinga naye alikuwa amemletea turbo ile bila msumari. Alimwamini. Sasa kuamini kwenyewe ndiko kulikokuwa kumewasha moto.

“Maman,” Adalbert alisema, “minakuheshimiaka. Lakini ile neno, uirudishe mu kinywa yako. Leo hii.”

“Nionyeshe kwanza.”

“Tutafungua! Tutafungua mbele ya bantu! Huguette! Acha machine, kuya hapa! Na wewe Sylvain, usijifichishe, ninakuona! Kuya uone mwizi!”

Huguette, fundi wa nguo wa mlango wa pili, alikuja na utepe wake wa kupimia shingoni, akiwa amefurahi kidogo kama watu wote wanaoitwa kwenye ugomvi usio wao. Sylvain alivuka barabara polepole. Alikuwa na gereji yake upande wa pili, na kwa miaka kumi na miwili Adalbert alikuwa amemtukana kwa sababu ya kitu kimoja: gundi nyekundu, ile ya kwenye tyubu, ambayo watu wa mji huu huiita pâte. Sylvain aliitumia kila mahali. Gasketi imekosekana? Pâte. Gasketi ipo lakini imechoka? Pâte. Adalbert alikata gasketi zake mwenyewe kwenye maboksi ya maziwa ya unga, vipande vyembamba vya kuziba maungio ya chuma, akaziloweka kwenye oili kama alivyofundishwa, na ukutani alitundika ubao wa rangi nyeupe ulioandikwa: HAPA HATUTUMIKAKE PÂTE. Aliutundika ukitazama barabara, yaani ukimtazama Sylvain.

Wanaume sita waliishusha injini na kuiegemeza juu ya magurudumu mawili ya lori. Pamoja nayo alishuka Kapya, nahodha wa Tutafika, mwanamume mwembamba wa Kasenga aliyesafiri juu ya makasha usiku kucha. Alikuwa na begi dogo mgongoni, na ufunguo wa boti ulining'inia kifuani mwake kwenye kamba ya viatu.

“Ba tata, mwaramuka,” aliwaamkia kwa adabu, akipiga makofi madogo.

Adalbert alimpa mgongo. Alikuwa anatafuta kitambaa cha kufutia kibati.

Kila turbo ina kibati chake kilichogongomewa, na namba juu yake. Adalbert alikifuta mpaka kikang'aa, akamsukuma Huguette mbele. “Soma! Sauti ya juu! We hauko ndugu yangu, hauko ndugu yake. Soma!” Mama Mujinga akafungua mkoba na kutoa karatasi ya dukani, ile aliyopewa siku aliyonunua turbo. Huguette akasoma tarakimu moja moja kama mtoto wa shule, mama akifuata kwa kidole kwenye karatasi. Zilikuwa tarakimu kumi na moja. Ilipofika ya mwisho kidole cha mama kilisimama na hakikuondoka.

“Soma tena,” alisema.

Huguette akasoma tena. Ilikuwa ileile.

“Ni ile ile!” Adalbert alipiga ngumi kwenye boneti ya lori hadi dereva akaruka. “Ni ile ile turbo yako! Karatasi ilikuwa mu saki yako siku yote! Ulienda ku parking kunichafua, na karatasi iko mu saki!”

Watu waliokusanyika langoni wakacheka na mmoja akapiga mluzi. Mama Mujinga alikunja karatasi mara mbili. Alikuwa mtu wa hesabu, na jibu likitoka linatoka. “Nilikosea,” alisema. “Minaomba pardon. Na leo nitapita ku parking nibaambie.”

Mtu mwingine angeishia hapo na kuagiza soda. Adalbert hakuishia. Hasira yake ilikuwa imepashwa moto sana, na sasa haikuwa na mahali pa kwenda.

“Lakini,” mama akaongeza, “haukuiba, nakubali. Basi nani anaiua? Turbo ya mupya, wiki tano. Nionyeshe.”

“Nitakuonyesha!”

Akavua shati. Alifungua bomba jembamba la oili linaloshuka juu ya turbo, akalitupa pembeni bila kulitazama. Akafungua boliti za upande wa moshi, zilizokaukiana, akizitukana moja baada ya nyingine kwa majina. Akaing'oa turbo na kuiweka juu ya meza. Hata mtu asiyejua kitu angeona. Ile feni ndogo ya alumini, inayovuta hewa na kuisukuma ndani ya injini, ilikuwa imekwaruza ukuta wake mpaka ncha zimekuwa butu. Adalbert aliishika kwa vidole viwili na kuitikisa, ikacheza huku na huku kama jino la mtoto. Alipofungua zaidi na kuutoa mhimili ulioshika feni zote mbili, ulikuwa umeungua, bluu na nyeusi.

“Unaona ile bleu? Ni moto. Hii chuma inazunguka mbio kupita kila kintu ku moteur, na inaelea tu mu huile, mu oili. Huile ikikosa, dakika moya tu, inaungua. Sasa minakuuliza: nani anaikosesha huile?” Aligeuka na kumnyooshea Kapya kidole cheusi. “Ni huyu!”

Na hapo pia ni lazima tueleze, maana Adalbert hakulitoa hewani. Manahodha wa Luapula wana desturi yao. Boti ikikaribia Kasenga, nahodha huungurumisha injini mara tatu, kwa nguvu zote, ili akina mama wanaonunua samaki wasikie na washuke ukingoni na mabeseni yao. Kila boti ina mngurumo wake, na akina mama wanaijua kila moja. Baada ya mngurumo wa tatu nahodha anazima papo hapo, kwa maringo, boti iteleze kimya mpaka ufukweni. Watu wanapenda sana kuliona hilo. Lakini injini ikizimwa ikiwa katika mbio hiyo, pampu ya oili inasimama na turbo bado inazunguka, kavu. Turbo ya kwanza ilikufa hivyo, na Adalbert alimfokea Kapya siku ile mpaka jirani wakafunga madirisha. Akampa sharti: ukifika, acha injini iende polepole muda wa fumbo moja la rozari, ndipo uzime.

“Nilikuambia dizaine moya!” Adalbert alinguruma. “Moya tu! Baba Yetu moya, Salamu Maria kumi! Hata ile ilikushinda?”

“Ba tata,” Kapya alisema, “minasalaka mbili.”

“Bongo! Uongo mutupu!”

“Mbili, ba tata. Bapassager banachoka kungoja, bananiita Abbé Kapya, kama padri. Na kuungurumisha niliacha. Nilitundika kifuniko ya pipa ku mbele, minakipiga na spana. Bamama banakuya tu. Muulize kila muntu ku Kasenga.”

“Chuma haisemake bongo! Muntu njo anasemaka bongo!” Adalbert alimsogezea ule mhimili ulioungua karibu na pua. “Hii ni nini? Hii ni rozari? Unazima moteur ya moto, unaua turbo ya bantu, kiisha muntu mwingine anaitwa mwizi! Miye! Myaka makumi tatu na tano mu kazi hii, minaitwa mwizi juu ya maringo yako!”

Kapya aliusogeza mhimili pembeni kwa kidole. Kisha akasema kwa sauti ndogo, “Nilikuwa mule ndani, ba tata. Siku ilikufa, tulikuwa bantu makumi tatu na moya. Maji ilitubeba kutoka asubuhi mpaka jua inazama. Mama moya alikuwa na mimba, alikamata mukono yangu siku muzima. Miye naweza kuua moteur na niko mule ndani?”

Lilikuwa swali zuri. Adalbert hakulisikiliza. Alikuwa ameshinda mara moja asubuhi ile, na ushindi ulikuwa umemlevya.

“Maman,” alisema, “ukimuacha huyu ku boti, usiniletee turbo tena. Hata moya.”

Mama Mujinga alimtazama nahodha wake. Miaka tisa Kapya alikuwa ameiendesha Tutafika. Lakini turbo mbili zilikuwa zimekufa, samaki wa boti nzima walikuwa wameoza, na fundi aliyethibitika kuwa mwaminifu alikuwa amesema.

“Nipe ufunguo, Kapya,” alisema.

Kapya aliivua ile kamba ya viatu kupitia kichwani. Ilinasa sikioni, akainasua. Aliuweka ufunguo kwenye kiganja cha mama, akaenda kukaa juu ya jiwe karibu na lango, begi lake magotini. Huguette alisema “Aah” peke yake.

Mama alikuwa amekuja na turbo nyingine mpya ndani ya boksi, na sasa akaiweka juu ya meza. Kazi ikaanza. Adalbert alipangusa, alikwangua, alitoa vipande vya alumini kwenye bomba la hewa, maana kipande kimoja kikibaki kitaingia ndani ya injini na kuitafuna. Alifanya yote hayo akinung'unika kwa sauti, kuhusu watu wa maji, kuhusu maringo, kuhusu parking. Sylvain, ambaye siku zote hupenda kutazama kazi ya mwenzake, alisogea na kumshikia taa.

Ndipo Adalbert akaokota lile bomba jembamba la oili alilolitupa. Baba yake alimfundisha kwamba turbo mpya haiungwi kwenye bomba ambalo hujalitazama ndani. Alichukua spoku ya baiskeli aipitishe. Kabla hajaipitisha, akaona. Kwenye mdomo wa bomba, mahali ambapo palipaswa kuwa na gasketi ya boksi la maziwa, palikuwa na ukanda mwekundu. Laini. Kama ufizi.

Akaigeuza turbo iliyokufa na kutazama tundu la kuingizia oili. Tundu lile halizidi upana wa bomba la wino la kalamu ya bic. Lilikuwa limeziba. Alichomeka spoku, akavuta taratibu, na kikatoka kijipande chekundu cha mviringo, kimekakamaa kwa moto, chenye umbo kamili la tundu.

Sasa alikumbuka, au tuseme sasa aliacha kujisahaulisha. Jumamosi ile. Lori lilikuwa linapiga honi, Mama Mujinga anapiga simu kila dakika tano, na nyumbani Annie, mke wake, amemtandikia suti kitandani kwa sababu Abigaïl, mtoto wa dada yake, alikuwa anaolewa saa tisa. Gasketi aliyoikata ilichanika mkononi. Kukata nyingine na kuiloweka ni robo saa. Alivuka barabara, akasimama mbele ya Sylvain bila kumtazama usoni, akasema, “Nipatie pâte, kiloko tu.” Sylvain hakucheka. Hakusema hata neno. Alimpa tyubu. Naye Adalbert akapaka kidogo tu, kama dawa ya meno, akakaza boliti mbili, na ile iliyozidi ikabonyea kuelekea ndani, ambako hakuna jicho linalofika. Ikakaa pale, ikakatika, ikazama kwenye tundu.

Alikifunika kijipande kile kwa kiganja. Taa haikusogea. Aliinua macho na kukuta macho ya Sylvain, karibu kabisa.

“Nyamaza, muzee,” Sylvain alinong'ona. “Futa tu. Tia joint ya boksi, funga. Hakuna muntu anaona. Hata bakiona, miye nitasema ilitoka vile ku kiwanda.”

Hiyo ndiyo iliyomuua. Angemcheka! Angeita watu, angeuelekeza mwanga kwenye ule ubao mweupe na kusema someni, someni kwa sauti! Miaka kumi na miwili ya matusi, na mtu huyu anamwazima uongo kama alivyomwazima gundi, bila kumdai. Adalbert alimchukia wakati ule kuliko wakati wowote, kisha akajua kwamba anayemchukia hasa si Sylvain, ni nafsi yake mwenyewe.

Alitazama langoni. Kapya alikuwa bado juu ya jiwe. Mkono wake ulipanda kifuani kutafuta ufunguo, ukakuta hakuna kitu, ukashuka.

“Maman!” Adalbert alipiga kelele. Hakuwa na sauti nyingine. Ile ya hasira ndiyo pekee iliyokuwa imebaki kooni. “Maman, murudishie ufunguo! Sasa hivi! Murudishie!”

“Unasema nini?”

“Kuya uone! Bote mukuye! Huguette, kuya na wewe, si unapendaka kuona!” Alikishika kile kijipande chekundu juu ya kiganja cheusi, mbele ya nyuso zao. “Hii njo iliua turbo. Haiko Kapya. Ni pâte. Ilifunga njia ya huile.”

“Pâte?” Mama Mujinga aliutazama ukuta. “Nani alitia pâte humu?”

“Miye.”

“Papa Sylvain, ni we—”

“Miye, nasema! Miye Adalbert! Sylvain alinipa, nilimuomba miye, nilitia miye, na mikono hii! Nilikuwa na mbio ya ndoa!”

Hata wale wa langoni waliacha kutafuna karanga. Kapya akaja, akapita katikati yao, akakichukua kile kijipande kwa vidole viwili na kukigeuza kwenye mwanga.

“Ni hii?” aliuliza. “Kantu kadogo hivi?”

“Kapya, mutoto yangu, miye—”

“Minasalaka mbili!” Kapya alipasuka, na sauti yake, ambayo asubuhi yote ilikuwa ndogo, ikagonga mabati. “Mulisema moya, minafanya mbili! Bantu bananicheka! Mulinisukumia chuma ku pua, mbele ya bantu, mbele ya patronne yangu! Mulishindwa kutazama bomba? Bomba ilikuwa chini pale, ba tata! Mulishindwa kuinama?”

Ilikuwa kweli, Adalbert hakuinama. Alikuwa tayari ana mtu wa kumlaumu, kwa hiyo hakuinama.

Mama Mujinga aliurudisha ufunguo kwenye mkono wa Kapya na kuufumba mkono wake kwa mkono wake. Hakumfokea fundi. Afadhali angemfokea. “Mwizi, ningejua namna ya kumufanya,” alisema. “Wewe, Papa Adalbert, siyue nikufanye nini. Tia turbo.”

Akaitia. Alikata gasketi mpya kwenye boksi la maziwa, akaipima mara tatu, akatoboa tundu lake, akailoweka kwenye oili. Alimimina oili ndani ya turbo mpya kwa mkono na kuizungusha kwa kidole mpaka ikawa nzito na laini. Kabla ya kuunga bomba, alimwomba dereva alete betri ya lori, akazungusha injini bila kuiwasha, mpaka oili ilipotoka kwenye ncha ya bomba, safi, tone, tone, kisha mfululizo. Alimwita Kapya aone. Kapya alitia kidole kwenye oili, akaisugua, akarudi nyuma. Akaunga bomba na kukaza boliti mbili, na safari hii hakunung'unika hata kidogo.

Injini iliwaka mara ya pili. Ilikohoa moshi mweupe, ikatulia, na Kapya alipoongeza mafuta, turbo ikaanza kupiga mluzi wake mwembamba unaopanda. Moshi ukawa hauonekani. Mtu mmoja langoni akashangilia, akanyamazishwa. Walipoona inatosha, Adalbert akanyoosha mkono kuizima.

“Bado,” Kapya alisema.

Akapunguza mwendo. Akainamisha kichwa, midomo ikaanza kusogea, na vidole vyake vikawa vinahesabu. Mafumbo mawili. Wote walisimama wakingoja kwenye joto la saa sita, Huguette na utepe wake, Mama Mujinga na mkoba wake, na Adalbert, tumbo wazi, mikono imelegea, akizisikia zile Salamu Maria ishirini moja baada ya nyingine. Hakuwahi kupigwa vibaya hivyo. Ndipo Kapya akazima.

Kabla injini haijapandishwa lorini, Mama Mujinga alisema, “Nipatie musumari.”

Huguette akaziba mdomo kwa mkono. Kila mtu wa mtaa ule alijua kinachofuata mteja akitamka neno hilo humo ndani. Adalbert akaanza kutafuta: kwenye meza, kwenye kopo la boliti, kwenye sanduku la baba yake. Katika gereji nzima hapakuwa na msumari. Ulikuwapo mmoja tu. Alichukua koleo, akaenda ukutani, akaung'oa, na ubao mweupe ukateleza chini na kusimama kwa pembe moja vumbini. Aliunyoosha msumari kwa nyundo juu ya chuma, akampa mama.

Mama Mujinga hakuutumia. Alimpa Kapya. “Wewe njo unasafirikaka nayo,” alisema. “Andika jina yako.”

Kapya aliinama juu ya turbo. Alumini ilikuwa na oili, na msumari ukateleza. Adalbert akavuta shati lake kutoka kwenye kigingi, akaifuta sehemu ile kwa shati mpaka ikawa kavu, akaweka kiganja chake nyuma ili mkono wa Kapya upate pa kuegemea. Chuma bado kilikuwa cha moto. Hakukiondoa kiganja.

Kapya hakuandika jina lake. Aliandika 3, akakwaruza tena na tena mpaka ikang'aa, kisha akaandika 1. “Bantu benye balikuwa mule ndani,” alisema.

Adalbert alipuliza unga wa alumini, akaupangusa uliobaki kwa kidole gumba, ili namba isomeke vizuri.